Motokaa Iliyoitwa Yai: Habari za Morris Minor

Mwenye kiwanda alipoonyeshwa motokaa mpya iliyobuniwa na watu wake mwenyewe, hakuipenda hata kidogo. Alilitazama umbo lake la mviringo, akasema kuwa lafanana na yai lililopikwa majini bila ganda. Mwenye kiwanda huyo alikuwa Lord Nuffield, na motokaa yenyewe ilikuwa Morris Minor, ambayo baadaye ilikuwa motokaa ya kwanza ya Uingereza kufikia hesabu ya milioni moja. Nimekuwa nikisoma habari zake kwa miezi kadhaa, kwa sababu nitakayoieleza mbele kidogo, na mpaka leo nastaajabu kwamba maneno hayo yalitoka kinywani mwa mtu yule, ambaye kuliko wote alipaswa kuifahamu motokaa ile mara alipoiona.

Maana William Morris, kabla ya kupewa cheo cha ulodi, alikuwa mtu mdogo. Alizaliwa mwaka 1877, akakulia Oxford, akaacha shule mapema akaenda kufanya kazi kwa fundi wa baiskeli. Alipoomba nyongeza ya mshahara akanyimwa, alitoka akaanza kazi yake mwenyewe nyumbani kwa wazazi wake, akiwa na umri wa miaka 16 na mtaji wa pauni 4. Kutoka baiskeli aliingia katika pikipiki, na kutoka pikipiki katika motokaa. Mwaka 1913 aliuza Morris Oxford ya kwanza. Mwaka 1921 biashara ilipoharibika, yeye alipunguza bei kwa kiasi kikubwa, na wanunuzi wakamiminika. Mwaka 1928 alitoa motokaa ndogo aliyoiita Morris Minor, ya kwanza yenye jina hilo, ili ashindane na Austin Seven, ambayo tangu mwaka 1922 ilikuwa ikiwashusha Waingereza wa kipato cha chini kutoka katika pikipiki zenye kigari ubavuni na kuwaweka chini ya paa. Mwaka 1931 aina moja ya Minor hiyo ya kwanza iliuzwa kwa pauni 100 kamili.

Wala hakuwa bahili. Alitoa mamilioni ya pauni kwa vyuo, hospitali na uchunguzi wa maradhi. Katika kiwanda chake cha Cowley, karibu na Oxford, zilitengenezwa mashine za kuwasaidia kupumua wagonjwa waliopooza, naye akazigawa bure kwa hospitali za kwao na za nchi nyingi zilizokuwa chini ya Dola ya Kiingereza. Lakini vita vya pili vya dunia vilipokwisha alikuwa akikaribia miaka 70, na motokaa nzuri machoni pake ilikuwa ile aliyoizoea: boneti ndefu iliyosimama wima, madigadi yaliyojitenga na mwili, na taa zilizokaa nje kama macho ya panzi.

Aliyebuni yai hilo aliitwa Alec Issigonis. Yeye hakuwa mtu wa Oxford wala wa mji wo wote wa Uingereza. Alizaliwa mwaka 1906 katika mji wa bandari wa Smyrna, katika Dola ya Waturuki, mji ambao leo huitwa Izmir. Baba yake alikuwa Mgiriki mwenye uraia wa Kiingereza, na mama yake alikuwa wa asili ya Kijerumani. Mwaka 1922 vita vya Wagiriki na Waturuki vilipoufikia mji huo, meli za Waingereza ziliwaondoa raia wao na kuwapeleka Malta. Baba hakufika Uingereza. Alifariki njiani, na mjane akaingia London pamoja na mwanawe mmoja. Kijana huyo alisoma ufundi katika chuo cha Battersea, akaanguka katika mtihani wa hesabu mara tatu. Mkono wake, hata hivyo, uliweza kuchora kitu cho chote ambacho akili ilikiona, na mwaka 1936 aliajiriwa na kampuni ya Morris.

Wakati wa vita viwanda vyote vilifanya kazi za jeshi. Lakini makamu wa mwenyekiti wa kampuni, Miles Thomas, alikuwa mtu wa kuona mbele, akaruhusu watu wachache waanze kufikiri juu ya motokaa ya siku za amani. Kazi hiyo ilipewa jina la siri la Mosquito, yaani mbu. Watu wenyewe walikuwa hasa watatu: Issigonis aliyechora mawazo, Jack Daniels aliyeyageuza kuwa vyuma vya chini, na Reg Job aliyeyageuza kuwa mwili wa motokaa.

Issigonis alishikilia neno moja ambalo kwangu ndilo shina la habari yote. Alisema kuwa watu wapandao motokaa ndogo wana miili sawasawa na wapandao motokaa kubwa, kwa hiyo haifai kuwabana. Msomaji ataona jambo hili ni dogo. Lakini tazama motokaa ndogo za zamani: magurudumu membamba, mwili mrefu kwenda juu, na abiria wa nyuma wakikalia ekseli hata kila shimo la barabarani linapanda moja kwa moja uti wa mgongo. Zilikuwa motokaa kubwa zilizopunguzwa, nazo zilimkumbusha mwenyewe kila siku kwamba hakuweza kununua nyingine. Issigonis aliisukuma injini mbele kabisa ili watu wapate nafasi katikati ya magurudumu. Aliyasogeza magurudumu kwenye pembe nne, akayafanya madogo, ya inchi 14, ili yasile nafasi ya ndani. Hakuweka fremu nzito chini, bali mwili wenyewe ulibeba mzigo wake. Magurudumu ya mbele aliyategemeza kwa fimbo ndefu za chuma ambazo hujisokota gurudumu linapopanda na kujisokotoa linaposhuka. Na usukani aliuunganisha na magurudumu kwa chuma chenye meno, hata dereva akaweza kuihisi barabara mikononi mwake.

Juu ya hayo palikuwa na ugomvi wa wakubwa. Nuffield na Thomas hawakupatana, na motokaa hii ilikuwa moja ya mambo yaliyowatenga; mwaka 1947 Thomas aliondoka. Hakupotea, maana baadaye alikuwa mwenyekiti wa shirika la ndege la BOAC, na mwaka 1952, chini ya uongozi wake, ndege ya Comet ilifanya safari ya kwanza ya abiria kwa injini za jeti, kutoka London hadi Johannesburg, ikitua Entebbe njiani. Lakini mbu wa Cowley alibaki bila mtetezi. Injini mpya aliyokusudiwa ilikataliwa, akapewa ya zamani ya Morris Eight.

Sasa nifike mahali ninapopapenda kuliko pote. Mwishoni mwa mwaka 1947 michoro ilikuwa imekwisha, na vyombo vya kiwandani vilikuwa vimeanza kuagizwa. Issigonis aliitazama motokaa ya majaribio akaona haikukaa sawa. Ilikuwa nyembamba mno kwa urefu wake. Mtu mwingine angenyamaza, kwa kuwa kazi imekwisha kupitishwa, na sisi tufanyao kazi maofisini twajua uzito wa neno hilo. Yeye aliwaambia mafundi waikate motokaa katikati kwa urefu, kutoka pua hadi mkia, kama mtu apasuavyo papai. Kisha akawaamuru wazitenge nusu zile mbili, kidogo, zaidi kidogo, tena kidogo, naye amesimama mbali akitazama, mpaka aliposema basi. Walipopima wakakuta inchi 4.

Inchi hizo 4 zilimtaabisha Reg Job na michoro yake, kwani karibu kila kitu kilipasa kurekebishwa. Bampa zilikuwa zimekwisha kutengenezwa. Zikakatwa katikati na kuungwa kwa kipande cha chuma. Boneti nayo ilitiwa utepe bapa ulioinuka, unaoshuka katikati kutoka kwenye kioo hadi puani. Utepe huo ulibaki kwenye kila Minor iliyotoka kiwandani mpaka mwisho. Ye yote mwenye Minor karibu naye na aende akaushike kwa mkono. Hapo ndipo mkasi ulipopita. Na faida yake si ya macho peke yake. Kwa upana ule motokaa ilishika barabara vizuri katika kona, na watu wawili wenye mabega mapana waliweza kuketi mbele bila kuombana radhi.

Ilionyeshwa kwa watu katika maonyesho ya Earls Court, London, mwezi wa Oktoba mwaka 1948, ikiuzwa kwa pauni 358 na zaidi kidogo. Injini yake ya zamani ilikuwa dhaifu, haikupita sana maili 60 kwa saa, lakini walioiendesha walisema kuwa yajiendesha kama motokaa ya gharama kubwa zaidi. Uingereza ilikuwa na madeni ya vita, chuma kiligawiwa kwanza kwa viwanda vilivyouza nchi za nje, kwa hiyo sehemu kubwa ya Minor za awali zilipandishwa meli na Waingereza wenyewe wakangoja zamu. Hata taa zake zilihamishwa kwa ajili ya wanunuzi wa ng'ambo: mwanzoni zilikaa chini, kando ya wavu wa mbele, lakini sheria za Marekani zilitaka ziwe juu zaidi, zikapandishwa kwenye madigadi. Yasemekana Issigonis hakuyapenda mabadiliko hayo.

Mwaka 1952 kampuni za Morris na Austin ziliungana zikaitwa BMC, na Minor ikapewa injini ndogo ya Austin. Mwaka 1956 ikapata kubwa zaidi, pamoja na kioo cha mbele cha kipande kimoja, ikaitwa Minor 1000. Hiyo ndiyo wengi wanayoikumbuka. Palikuwa na za milango miwili na za minne, za turubai juu, za kubebea mizigo, na ile iitwayo Traveller yenye mbao halisi nyuma, ambazo mwenyewe asipozipaka vanishi humea kuvu kama nguzo za nyumba. Wauguzi wa vijijini, wakunga, walimu, makasisi, makarani na wakulima waliinunua. Posta ya Uingereza ilisambaza barua kwayo, na polisi walizunguka kwayo mitaani.

Huku kwetu Kenya nazo zilifika, na hapa natimiza ahadi ya kueleza sababu ya kusoma kwangu. Marehemu babu yangu, aliyekuwa mwalimu katika shule ya misheni, alinunua Minor 1000 ya mwaka 1959 kutoka kwa afisa mmoja wa kilimo aliyekuwa akirudi kwao Ulaya baada ya Uhuru. Alilipa kwa fedha za kahawa za misimu miwili na deni juu yake. Aliiendesha kwa zaidi ya miaka 20, kisha ikaingia bandani na haikutoka tena. Sasa viti vya nyuma ni vya kuku.

Mwaka huu jamaa waliketi kushauriana juu ya banda hilo. Baba Mkubwa, ambaye ndiye mkubwa wetu, alitaka motokaa iuzwe kwa wanunuzi wa vyuma vikuukuu ambao hupima kwa kilo. Hoja yake ilikuwa nzito. "Mwanangu," aliniambia, "chuma hiki chachukua nafasi ya magunia kumi na mawili ya mahindi. Tena ilikuwa motokaa ya watu waliokosa kubwa." Nilimwomba anipe muda, nikamwambia, "Baba Mkubwa, niruhusu niitafutie habari zake kwanza, kisha uamue wewe." Akakubali, ingawa kwa kucheka.

Neno lake la pili lilinikaa moyoni kuliko la magunia, kwa kuwa ni neno lile lile la Lord Nuffield likisemwa kwa Kiswahili. Nikalitafuta daftari la babu. Alikuwa na desturi ya kuandika kila safari, kwa kalamu ya wino, kama aandikavyo mahudhurio ya darasa: tarehe, maili, petroli, na sababu. Sehemu kubwa ni mambo makavu. Mbolea magunia manne. Karatasi za mtihani kwenda kwa Mkaguzi. Lakini kila kurasa mbili tatu kuna mstari kama huu: mke wa jirani, hospitali, saa nane usiku, maili 17. Nilihesabu safari 41 za namna hiyo katika daftari moja, akina mama waliokuwa karibu kujifungua, watoto wenye homa, na mzee mmoja aliyeng'atwa na nyoka. Safari ya kurudi imeandikwa kando, na mara nne imeandikwa "watatu", yaani mama, mtoto mchanga na dereva. Kwa ukingo wa chini wa kila ukurasa kuna neno moja, grisi, na maili.

Neno hilo la mwisho silo mzaha. Minor ina udhaifu wake, na anayeisifu bila kuutaja hasemi kweli. Magurudumu ya mbele huzungukia juu ya nguzo zenye hesi chini, nazo zahitaji grisi kila baada ya maili 1,000 au karibu na hapo. Zikinyimwa, hesi huliwa, na siku moja nguzo huchomoka na gurudumu hulala chini ya motokaa kama ngamia apigaye magoti. Sakafu nayo huoza kwa kutu mahali springi za nyuma zinaposhikiwa. Mwenye kuipaka mafuta kwa ratiba hudumu nayo, na asiye na ratiba huishi na fundi.

Turudi Cowley. Tarehe 22 Desemba mwaka 1960 ilitoka Minor ya milioni moja. Kampuni ilitengeneza nyingine 349 zinazofanana nayo, zote za rangi ya zambarau hafifu na viti vyeupe, na ile yenyewe ikatolewa kwa chama cha waandishi wa habari ili kuchangisha fedha za wajane na mayatima wao. Ilikuwa sherehe ya haki. Lakini mtu akisoma hesabu za upande wa pili furaha hupungua. Vita vilipokwisha, kiwanda cha Volkswagen katika Ujerumani kilikuwa mikononi mwa jeshi la Uingereza, na afisa mmoja, Meja Ivan Hirst, alikifufua. Wataalamu wa viwanda vya Uingereza waliitazama motokaa ile ya mgongo wa kobe wakasema haina mvuto kwa mnunuzi. Hao nao waliona yai. Volkswagen hiyo ilitengenezwa mpaka mwaka 2003, zaidi ya milioni 21. Minor zote pamoja hazikupita sana milioni 1.6.

Kwa nini? Wengine husema ni barabara, na kwa upande wa Kenya pana ukweli ndani yake. Katika mashindano ya Safari yaliyoanza mwaka 1953, Volkswagen ilishinda mwaka 1954, tena 1957, tena 1962, na wakulima wetu waliona kwa macho. Lakini naona sababu kubwa ilikuwa nyumbani. Wajerumani waliitendea motokaa yao kama mtoto wa pekee. Kila mwaka walirekebisha kitu, na walihakikisha kuwa vipuri na mafundi wapo kila walikoiuza. Kampuni ya Minor ilikuwa na motokaa iliyobuniwa vizuri kuliko ile, ikaipa injini ya kuazima, kisha baada ya mwaka 1956 ikaiacha karibu kama ilivyo. Issigonis alipewa kazi nyingine, akaunda Mini ya mwaka 1959, nayo ikawa sifa ya dunia, ingawa kwa magurudumu yake ya inchi 10 haikuwa motokaa ya njia za udongo mwekundu. Minor ya mwisho ya aina ya Traveller ilitoka mwaka 1971. Motokaa iliyokuja mahali pake, Morris Marina, ilisemwa kuwa mpya, lakini ukiinama chini yake utazikuta fimbo zile zile za kujisokota za mwaka 1948. Mwaka 1975 kampuni iliyorithi hayo yote ilichukuliwa na serikali ya Uingereza ili isianguke kabisa. Na tangu mwaka 2001 pale Cowley hutengenezwa motokaa yenye jina la Mini, ila mwenye kiwanda ni BMW ya Ujerumani.

Issigonis alipewa heshima ya Sir mwaka 1969, akafariki mwaka 1988. Nuffield alitangulia mwaka 1963, bila mtoto wa kumrithi.

Nilimsomea Baba Mkubwa daftari lile jioni moja, nikianza na safari za usiku. Alinyamaza muda, kisha akaniuliza ukurasa wa mwaka fulani, nikautafuta. Mstari aliotaka ulikuwapo: maili 17, na kurudi watatu. Mtoto yule ni binti yake wa kwanza. Hakusema neno juu ya hilo. Aliuliza tu kama vipuri vyapatikana. Nikamweleza kuwa Uingereza wapo wafanya biashara wanaoishi kwa Minor peke yake, na wanachama maelfu wanaozitunza. Fundi amekwisha kuja kuitazama. Sakafu imeoza upande wa kushoto na nguzo za mbele zimekufa zote mbili, lakini injini ilizunguka kwa hendeli mara ya tatu. Baba Mkubwa ametoa muda hadi mavuno, na kuku wamehamishwa.